Bad Gastein, Austria: ni nini hasa kinachowatuliza wagonjwa, maji, radoni, mlima au mapumziko?

#1 Mwana_wa_Pangani (mleta mada)

Salaam wanajukwaa. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo nimelifikiria kwa wiki tatu bila kupata jibu.

Ninaishi Munich. Mwezi Juni mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, alikuja kunitembelea kutoka Tanga, nami nikampeleka Bad Gastein, mji mkongwe wa maji moto ulioko kwenye milima ya Tauern katika jimbo la Salzburg, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021. Tulikaa siku 12. Mama anaumwa magoti kwa miaka tisa sasa. Alipofika kwangu alikuwa akipanda ngazi kwa kutanguliza mguu wa kulia kila kidato, kiganja kikiwa ukutani, na usiku nilimsikia akiamka kujipaka mafuta ya karafuu.

Daktari wa pale alimpima moyo na shinikizo la damu, akamwandikia idadi ya siku za kuoga na joto la maji. Kila asubuhi alishuka chumba cha chini cha nyumba ya wageni tuliyofikia, ambako maji ya chemchemi huletwa kwa bomba, akalala dakika 20 kwenye beseni refu la kuogea. Mhudumu, mama wa makamo mwenye mikono myekundu kwa joto, aliyaingiza maji kutokea chini ya beseni ili yasichuruzike, kisha akamsihi mama alale kimya asiyakoroge, kwa sababu yakikorogwa hutoroka gesi iitwayo radoni, ambayo kwa maelezo yake ndiyo dawa yenyewe. Akitoka alifunikwa shuka na blanketi, akapumzika nusu saa huku jasho likimtoka.

Siku ya nane aliteremka ngazi zote kutoka kituo cha reli hadi daraja la maporomoko bila kunishika. Alisimama pale darajani, manyunyu yakimlowesha mtandio, akaniambia: "Mwanangu, goti limenyamaza."

Sasa anataka kurudi, na gharama si ndogo. Nataka kujua tunalipia nini. Je, ni radoni kweli, au ni joto la maji, au hewa ya mlimani, au ni kule kupumzika tu? Aliyewahi kufika au mwenye elimu ya mambo haya anisaidie.

#2 Mkwezi_wa_Tanga

Mpe mama pole na hongera. Mimi ni mtu wa Tanga, kwa hiyo jambo hili nalijua tangu utotoni. Bibi yetu alikuwa akitupeleka kwenye maji ya salfa ya Galanos kule Amboni, yale yanayonuka kama yai viza, na wenye upele na wenye maumivu ya viungo walikuwa wakiingia na kutoka wakiwa wepesi. Maji moto yote duniani yanatibu kwa salfa. Sioni sababu ya kutafuta maelezo mengine, na nadhani mama yako angepata nafuu ile ile kwa nauli ya bajaji.

#3 Mwenyeji_Salzburg

Nimefanya kazi kwenye hoteli za jimbo hili kwa miaka 14, kwa hiyo mniruhusu nirekebishe mambo mawili kabla uzi haujasonga mbele.

Kwanza, mleta mada, Bad Gastein haimo kwenye ile orodha ya UNESCO. Mwaka 2021 iliandikishwa miji 11 ya maji tiba kutoka nchi saba za Ulaya, na kwa upande wa Austria uliingia mji mmoja tu, Baden, ulioko kusini mwa Vienna. Kosa hili hufanywa na watu wengi kwa kuwa Bad Gastein ina sifa kubwa zaidi.

Pili, ndugu wa Tanga, maji ya salfa ni hayo ya Baden, ambako Warumi walioga tangu zamani na walipaita Aquae, yaani Maji. Maji ya Gastein hayanuki kabisa. Yana madini machache mno, ukiyaweka kwenye bilauri huwezi kuyatofautisha na maji ya bomba. Hutoka ardhini yakiwa na joto linalofikia takriban nyuzi 46, na chemchemi zote kwa pamoja hutoa kama lita milioni 5 kwa siku. Ni kwa sababu hiyo watu waliumiza vichwa kwa karne nyingi: maji yasiyo na ladha, yasiyo na harufu, yasiyo na chumvi ya kutajika, yanatibu kwa kitu gani? Jibu ambalo mji uliling'ang'ania lilikuja mwaka 1904, pale mwanafizikia wa Vienna, Heinrich Mache, alipopima gesi ya mionzi, yaani hiyo radoni, ndani ya maji hayo. Kipimo kimoja cha radoni kilipewa jina lake na kilitumika kwa miaka mingi.

#4 Mkwezi_wa_Tanga

Nimekubali kuhusu harufu. Ila hapo ndipo unaponitisha zaidi, mkuu. Mwaka 1904 wakagundua kuwa maji yana mionzi, na badala ya kufunga bomba wakafungulia zaidi?

#5 Nesi_wa_Dortmund

Swali la Mkwezi ni swali langu pia, tena nalisema kwa uzito. Radoni ni gesi inayotokana na kuoza kwa radiumu iliyomo kwenye miamba. Shirika la Afya Duniani linaitaja kuwa chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara, na cha kwanza kwa wasiovuta. Hapa Ujerumani kuna maeneo ambayo mwajiri analazimika kupima radoni kwenye vyumba vya chini ya ardhi, na akikuta nyingi sharti apitishe hewa. Inakuwaje gesi ile ile ninayofunguliwa dirisha ili itoke kazini, mama wa watu alale nayo kimya dakika 20 ili isitoke?

Sisemi kwamba mama hakupata nafuu. Ninasema tuwe na hadhari kabla ya kuita kitu dawa. Wajawazito na wenye saratani inayoendelea hawaruhusiwi matibabu haya, na hilo peke yake linaonyesha kwamba si maji ya kuchezea.

#6 Msafiri_wa_Maskati

Assalaam alaykum. Baba yangu ni mzaliwa wa Unguja, anaishi Maskati, ana ugonjwa wa uti wa mgongo ule unaokakamaza mifupa ikashikana. Kama mnavyojua, sisi wa Ghuba tukikimbia joto la Agosti wengi tunakwenda Zell am See, na kutoka pale hadi Gastein si mbali. Daktari wake alimshauri asiishie kwenye beseni, bali aingie mgodini.

Nawaeleza nilivyoona. Pale Böckstein, juu kidogo ya Bad Gastein, kuna handaki lililochimbwa miaka ya 1940 kutafuta dhahabu. Dhahabu ilikuwa haba, lakini wachimbaji walikuta mlima una joto kama tanuri, na wenye maumivu ya viungo wakasema yamepungua. Baada ya vita watafiti wa Chuo Kikuu cha Innsbruck walilichunguza, na mwaka 1952 likafunguliwa kuwa mahali pa matibabu. Unapimwa na daktari kwanza. Kisha mnapanda kigari cha reli, kidogo, cha manjano, kila mtu na joho lake la taulo, mnaingia tumboni mwa mlima kama kilomita mbili. Ndani joto ni kati ya nyuzi 37 na 41 na nusu, unyevu ni wa kuloweka shuka, taa ni hafifu, na watu hulala kwenye vitanda vilivyopangwa kando ya mwamba. Hakuna anayezungumza. Unasikia pumzi za watu na matone yakidondoka. Baba alilala humo kama saa nzima, mara tisa katika wiki tatu.

Alipokuja alikuwa hawezi kugeuza shingo kutoa salamu ya mwisho ya sala bila kuzungusha mabega yote. Wiki ya pili baada ya kurudi nyumbani niliketi kando yake msikitini nikaona kidevu kinafika begani. Nafuu ile ilidumu miezi saba. Mimi siijui fizikia, ila lile bega nililiona.

#7 Mwalimu_wa_Fizikia

Ahsanteni kwa uzi mzuri. Nataka kuwapatanisha kidogo Nesi na Msafiri, halafu nitoe shaka yangu.

Nusu uhai wa radoni, yaani muda ambao nusu yake huwa imeoza, ni siku 3.8, na iliyo nyingi kati ya ile anayoivuta au kuipokea mgonjwa kupitia ngozi hutoka mwilini kwa pumzi ndani ya saa chache. Yule mhudumu alisema kweli kuhusu kukoroga: gesi iliyoyeyuka majini hutoroka kama ya soda iliyotikiswa. Hatari anayoizungumzia Nesi inahesabiwa kwa mtu anayeishi na gesi hiyo chumbani miaka na miaka, ilhali hapa tunazungumzia saa chache. Wanaotetea matibabu haya husema kwamba kiasi kidogo cha mionzi huituliza kinga ya mwili iliyochachamaa na kupunguza uvimbe. Wanaopinga husema hakuna kiasi cha mionzi kisicho na madhara hata kidogo, kiwe kidogo namna gani. Hoja hizo mbili bado zinagongana miongoni mwa wanasayansi.

Shaka yangu ni hii. Angalieni joto. Baba yake Msafiri alilazwa kwenye hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu ambao hauruhusu jasho kukauka, kwa hiyo mwili wake ulipanda joto ukawa kama una homa ndogo. Mama yake mleta mada alilowekwa kwenye maji ya vuguvugu, kisha akafungwa blanketi. Misuli hulegea, mishipa ya damu hupanuka, maumivu hupungua. Mimi nakipa joto nafasi ya kwanza, na radoni naiona kuwa abiria ndani ya gari hilo.

#8 Daktari_Mstaafu

Mwalimu, hoja yako ni ya busara, lakini imeshajaribiwa, na matokeo hayakuiunga mkono moja kwa moja.

Mwaka 2001 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa 120 wenye ugonjwa ule ule wa baba yake Msafiri. Waligawanywa kwa kura katika makundi matatu ya watu 40. Kundi la kwanza lilipelekwa wiki tatu Bad Hofgastein, mji ulio chini kidogo ya Bad Gastein katika bonde lile lile. La pili lilipelekwa wiki tatu kwenye mji wa maji tiba wa Arcen, huko huko Uholanzi, ambako pia walioga na kufanya mazoezi. La tatu lilibaki nyumbani na mazoezi yake ya kila wiki. Makundi yote mawili yaliyosafiri yalipata nafuu kuliko lililobaki, lakini nafuu ya waliokwenda Austria ilidumu zaidi, hadi wiki ya 40. Kama joto na mapumziko ndiyo yote, Arcen ingetosha.

Jaribio jingine la mwaka 2000, lililofanyika Bad Brambach nchini Ujerumani kwa wagonjwa 60 wa baridi yabisi, lilikwenda karibu zaidi na swali letu. Wote waliogeshwa maji yenye kabonidioksaidi, nusu yao yakiwa na radoni na nusu yakiwa hayana, bila wao kujua. Mwisho wa matibabu makundi yote yalikuwa na nafuu. Miezi sita baadaye waliobaki na nafuu ni wale wa radoni.

Nimefanya kazi ya udaktari kwa miaka 33 na sipendi kupindukia maneno. Watu 60 ni wachache, na 120 si wengi. Hata hivyo siwezi kusema ni joto tu.

#9 Mwalimu_wa_Fizikia

Nimekusoma, daktari. Jaribio la Brambach lina nguvu, na nakiri sikulijua. Ila lile la Uholanzi bado lina tundu: Arcen iko kwenye nchi tambarare, Hofgastein iko kwenye Alpi. Aliyekwenda Austria alibadilishiwa hewa, kimo, lugha, chakula na mandhari, na alijua fika kwamba amepelekwa mahali penye sifa. Mtu aliyevuka nchi mbili kwenda kutibiwa hupona tofauti na aliyepanda basi la mkoa.

#10 Mama_Wawili_Graz

Nyote mmesahau kuutazama mji wenyewe. Bad Gastein imebandikwa kwenye ubavu wa bonde kwenye kimo cha takriban mita 1,000, na hoteli zake zimesimama moja juu ya kichwa cha nyingine, kiasi kwamba unaingia nyumba kwa mlango wa barabarani kumbe uko ghorofa ya sita. Katikati unapita mto Ache ukiporomoka kwa ngazi tatu, mita 341 kwa jumla. Hakuna mahali pa kwenda bila kupanda au kushuka. Ukitaka mkate, ni ngazi. Ukitaka kituo cha reli, ni ngazi. Mahali pa pekee penye unafuu ni ile njia ya Kaiser Wilhelm, inayokwenda ubavuni karibu bila mwinuko, na hapo ndipo wazee wote wa mji huonekana jioni na fimbo zao.

Nilikaa pale wiki moja na goti lililofanyiwa upasuaji. Sikuingia maji ya radoni hata siku moja, nilikwenda tu kwenye bwawa la kawaida la Felsentherme lililojengwa kwenye mwamba mwaka 1968. Goti langu lilipata nguvu kuliko miezi mitatu ya mazoezi niliyoandikiwa. Kwa maoni yangu mama alitembezwa na mji. Aliteremka ngazi zile siku ya nane kwa sababu alikuwa amezifanyia mazoezi siku saba.

#11 Dada_Mkubwa_Tanga

Mimi ndiye dada wa mleta mada, nimetumiwa kiungo cha uzi huu na shangazi. Mdogo wangu, nakupenda, lakini hukuwaeleza watu mambo yote.

Mama alianza dawa mpya za magoti mwezi Mei, wiki tatu kabla ya kupanda ndege, na daktari alimwambia zitachukua mwezi na zaidi kufanya kazi. Hesabu mwenyewe siku hiyo ya nane iliangukia wapi. Pili, mama huamka saa kumi alfajiri kila siku, anasimama mbele ya jiko akikaanga vitumbua hadi saa mbili, kisha anavipeleka sokoni kwa miguu. Amefanya hivyo kwa miaka 22. Huko Ulaya alikaa wiki saba bila kushika karai. Mimi nasema goti lilinyamaza kwa sababu hatimaye lilipewa likizo.

#12 Mkwezi_wa_Tanga

Dada Mkubwa amefika na uzi umenoga. Mleta mada, hapo huna pa kukimbilia, itabidi ujibu.

#13 Mwana_wa_Pangani (mleta mada)

Dada, shikamoo. Nakiri kuhusu dawa, kweli sikuzitaja, na niombeeni radhi wote. Lakini nawe umesahau jambo. Mama alikaa kwangu Munich siku 16 kabla ya Gastein, akinywa dawa hizo hizo, bila karai wala vitumbua, na hakupata nafuu hata ya kuvaa soksi mwenyewe. Mabadiliko nimeyaona kule, kwa macho yangu, siku baada ya siku. Siku ya tatu usiku hakuamka. Siku ya tano aliinama kufunga kamba za viatu.

Mama_Wawili, hoja ya ngazi imenigusa, maana kweli tulikuwa tukitembea kila alasiri kwenye njia ile ya Kaiser Wilhelm. Huyo Wilhelm alikuwa nani, na alitafuta nini huko?

#14 Mpenda_Historia_Nairobi

Hapo ndipo mahali pangu. Ni Wilhelm wa Kwanza, mfalme wa Prussia aliyekuja kuwa kaisari wa Ujerumani, na alikuwa mgeni wa mara kwa mara wa Gastein. Wafalme walipokuja kuoga, mawaziri walikuja na mafaili. Tarehe 14 Agosti 1865, kwenye mji huo, Prussia na Austria zilitia saini mkataba wa kugawana usimamizi wa majimbo ya Schleswig na Holstein, kwa upande wa Prussia akiwa waziri mkuu wake, Bismarck. Mwaka uliofuata nchi hizo hizo zikapigana vita. Mtunzi wa muziki Schubert naye alikaa huko mwaka 1825 na kuandika sonata moja ya kinanda. Na kama sikosei, ni huko Gastein ambako Kaisari Franz Joseph wa Austria alimchumbia Elisabeth, yule anayejulikana kwa jina la Sisi.

#15 Mwenyeji_Salzburg

Umekosea hapo mwisho, mkuu. Uchumba ule ulifungwa Bad Ischl, Agosti 1853. Ischl nayo ni mji wa maji tiba, lakini maji yake ni ya chumvi kutoka migodini, na ina hadithi yake: mama yake Franz Joseph alikaa muda mrefu bila mtoto, madaktari wakampeleka kuoga maji ya chumvi, mwaka 1830 akazaliwa kaisari huyo, na watu wakawaita watoto wa mama huyo wakuu wa chumvi. Elisabeth alifika Gastein baadaye, mara kadhaa, na aliandika mashairi huko.

Kwa kuwa tumegusa historia, niongeze kwamba reli ilifika mjini mwaka 1905, na handaki la Tauern lilipokamilika mwaka 1909 treni zikaweza kuvuka mlima hadi jimbo la Carinthia, upande wa kusini. Mwaka huo huo ilifunguliwa Grand Hotel de l'Europe, jengo refu mno kwa wakati ule. Baadaye mambo yalizorota. Nilipofika mara ya kwanza, majengo makuu ya uwanja wa Straubinger, karibu kabisa na maporomoko, yalikuwa matupu, rangi imebabuka, miti midogo imeota kwenye mabaraza. Ilikuwa ikiuma moyo kuyatazama. Serikali ya jimbo iliyanunua mwaka 2017, yakauzwa kwa mwekezaji, na mwaka 2023 yakafunguliwa tena kuwa hoteli. Mama yako, mleta mada, ameuona mji ukiwa umeamka.

#16 Omwana_wa_Ankole

Mimi ni Mganda, nasoma Vienna, mniwie radhi kwa Kiswahili changu. Nyumbani Kitagata, magharibi mwa Uganda, tuna chemchemi mbili za maji moto zilizo jirani. Moja iliitwa ya Omugabe, mfalme wa Ankole, na nyingine huitwa Mulago, kwa jina la hospitali kubwa ya Kampala, kwa sababu wagonjwa huenda kulala humo. Wazee hukaa majini tangu asubuhi, wakizungumza habari za ng'ombe na za watoto. Nilipokwenda Gastein na darasa letu, nilishangaa kuona kila mtu amefungiwa peke yake na beseni lake na saa ukutani. Ninafikiri maumivu ya mzee hupungua akikaa na wenzake wanaoumwa kama yeye. Mama wa mleta mada, je, alipata wa kuzungumza naye?

#17 Mwana_wa_Pangani (mleta mada)

Ndugu wa Ankole, umeuliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Alipata. Kulikuwa na bibi wa Kiaustria kutoka Linz mwenye nyonga mbovu, waliyekutana kila asubuhi kwenye chumba cha kupumzikia. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Siku ya kuondoka walibadilishana leso.

#18 Kipepeo_wa_Alpi

Hakuna aliyetaja maporomoko. Maji yanapopasuka kwenye miamba hutoa manyunyu membamba yanayosafisha hewa, na wataalamu wa chuo cha udaktari cha Salzburg walithibitisha Gastein kwamba watoto wenye pumu hupata nafuu wakikaa karibu nayo. Mama alilala siku 12 akivuta hewa hiyo usiku kucha.

#19 Daktari_Mstaafu

Kipepeo, utafiti huo upo, lakini ulifanyika kwenye maporomoko ya Krimml, upande wa magharibi wa milima ya Tauern, na ulihusu pumu, si magoti. Tusiuhamishe bonde wala kiungo.

Kwa dada wa mleta mada: hoja yako ya dawa ndiyo niliyoipa uzito kuliko zote humu, na hoja ya mdogo wako ya siku 16 ndiyo iliyonirudisha nyuma.

#20 Sitara_Mombasa

Nina swali la utekelezaji, maana nami nataka kumpeleka mama mkwe. Sisi ni watu wa stara. Nimesikia kwamba Austria watu huingia sauna bila nguo, wanaume na wanawake pamoja. Mlifanyaje?

#21 Msafiri_wa_Maskati

Dada Sitara, usiwe na wasiwasi mkubwa. Sehemu za sauna kweli huwa hivyo, na zimetengwa, zina mlango wake na alama yake. Kwenye mabwawa watu huvaa nguo za kuogelea. Mke wangu aliingia na vazi lake refu la kuogelea baada ya kupiga simu kuuliza kwanza, na nakushauri nawe upige, kwa kuwa kila nyumba ina utaratibu wake. Ila kwa mama mkwe beseni la chumba cha peke yake ndilo bora: mlango unafungwa, mhudumu ni mwanamke ukiomba, na hakuna jicho la mtu. Uende na barua ya daktari na orodha ya dawa anazotumia. Sisi mara ya kwanza tuliisahau barua kwenye sanduku lililobaki hotelini, tukapoteza siku nzima.

#22 Nesi_wa_Dortmund

Nimesoma kila kitu na bado sijashawishika kuhusu radoni, lakini jaribio la Brambach nitalitafuta nilisome lote. Niongeze tu kwamba bima za afya za Ujerumani na Austria huchangia matibabu haya kwa maradhi fulani, hasa ule ugonjwa wa uti wa mgongo. Kuhusu magoti ya uzee sina hakika. Mleta mada, ukirudi, tafadhali andika kila siku mama amekunywa vidonge vingapi vya maumivu. Daftari hilo litatueleza zaidi ya sisi wote.

#23 Dada_Mkubwa_Tanga

Nami nina pendekezo. Kabla hatujachanga nauli, mama apumzike nyumbani wiki mbili, mimi na binamu tutakaanga vitumbua. Tuone goti litasema nini likiwa Tanga.

#24 Mwana_wa_Pangani (mleta mada)

Nimemsomea mama uzi wote kwa simu jana usiku, ulichukua saa nzima. Amewashukuru. Pendekezo la dada amelikataa, anasema wateja wake wanajua mkono wake, na vitumbua vya binamu huwa vigumu katikati. Kuhusu mgodi, amesema hataingia chini ya mlima akiwa hai. Beseni analitaka. Alipoulizwa yeye mwenyewe anadhani ni nini kilichomtuliza, alinyamaza kidogo, kisha akasema ni yale maji, kwa sababu aliyasikia yakiingia gotini. Daftari la vidonge nimeshalinunua. Tunalenga mwanzo wa Novemba, nikipata ruhusa kazini.

#25 Mwenyeji_Salzburg

Novemba usiende kabla ya kupiga simu. Nyumba nyingi za bonde lile hufungwa kati ya msimu wa kiangazi na wa theluji ili zifanyiwe ukarabati. Nenda Septemba au mwanzo wa Oktoba, na panda treni ya moja kwa moja kutoka Salzburg, kama saa moja na nusu. Mkae upande wa kulia.